Siku 19 kabla ya kuondolewa titi: wenzangu, usiku mliupitishaje?

Mwalimu_wa_Mbagala (Jumapili, saa 9:20 usiku)

Wakuu habari za usiku huu. Humu huwa nasoma tu na kupita, leo nimeona niandike maana kifua kimejaa.

Mwenzenu nina miaka 43, nafundisha shule ya msingi, nina mume na watoto wawili. Mwaka jana mwezi wa kumi nikiwa naoga niligusa kitu kwenye titi la kushoto, kigumu kama mbegu ya ubuyu, hakiumi. Nikakaa nacho miezi miwili nikijidanganya kwamba ni mambo ya hedhi. Nilipokwenda nikapigwa ultrasaundi, wakachukua kinyama kwa sindano nene, jibu likarudi saratani. Nikapigwa dripu nane za kemo. Nywele zote chini, kucha nyeusi kama za fundi magari. Yote hayo niliyamudu, sijui hata niliyamuduje.

Sasa nimepangiwa upasuaji, linaondolewa titi lote na tezi za kwapani. Zimebaki siku 19, na hapo ndipo nimeharibikiwa. Wakati wa kemo nilikuwa na pa kwenda. Leo kupima damu, kesho dripu, keshokutwa kutapika. Sasa hivi sina la kufanya, ni kusubiri tu. Ikifika saa tisa usiku macho kodo. Feni inazunguka, mume anakoroma, mimi nahesabu mbao za dari. Ziko 26, kama kuna anayetaka kujua.

Moyo unadunda, viganja vinatoka jasho, mara nahisi uvimbe unakua huku nimelala. Nikimwambia mtu ananijibu "usiwaze, muachie Mungu". Nimemuachia, na bado saa tisa naamka.

Mliopita njia hii, hizi siku mlizipitishaje? Naomba msiniambie "usiogope".

Kijana_Tandika

Pole sana mwalimu. Sina cha kusema, nimekaa hapa nasoma.

Shangazi_Pangani

Mwanangu pole. Mimi niliondolewa la kulia 2016, na leo asubuhi nimeuza vitumbua kama kawaida yangu.

Hiyo saa tisa naijua. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Naweka ungo mapajani, namulika kwa simu, natoa chuya na vijiwe punje moja moja. Mchele ukiisha kuwa safi, nazirudisha chuya zilezile, nakoroga, naanza upya. Marehemu mume wangu alinikuta usiku mmoja akadhani nimerogwa. Akakaa, akanitazama, halafu akavuta sinia na yeye. Hatukusema kitu mpaka adhana ya alfajiri.

Usilale pale kitandani unapambana na usingizi. Ukiamka, amka kweli. Toka chumbani, shika kitu cha mkono.

DawaAsiliOriginal

Dada achana kabisa na kisu. Kisu kikigusa hicho kitu kinasambaa mwili mzima, watu wengi tumewazika. Kuna majani ya mstafeli na mchanganyiko wangu wa siku 21, uvimbe unayeyuka. Njoo inboksi tuongee bei.

Nesi_Mstaafu

Wewe hapo juu kaa pembeni. Mtu ana tarehe ya upasuaji mkononi, wewe unamletea siku 21 za kununua majani.

Mwalimu, pole. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi kabla ya kustaafu. Kabla sijasema lolote nikuulize: kati ya yote, ni lipi hasa linalokuamsha? Maana "upasuaji" ni neno pana. Kuna anayeogopa usingizi wa dawa, kuna anayeogopa kioo, kuna anayemuogopa mama mkwe. Kila mmoja na dawa yake.

Mwalimu_wa_Mbagala

Nesi, swali lako nimekaa nalo siku nzima, nimesahihisha hata madaftari vibaya.

Nitasema ukweli. Huyo muuza majani ameandika kitu ambacho ndicho kinaniamsha. Mwaka 1998 mama yangu mkubwa alikuwa na kitu hikihiki. Alikaa nacho kijijini mpaka kikapasuka kikawa kidonda. Mimi nilikuwa na miaka 16, ndiye niliyekuwa nachemsha maji ya chumvi ya kumsafishia. Ile harufu ninayo puani mpaka leo. Walipomfikisha hospitali akakatwa, na miezi minne mbele akafariki. Kwenye matanga bibi zangu wote walisema neno moja: kisu kiliiamsha, ilipopigwa na hewa ikatawanyika.

Mimi ni mwalimu, nafundisha sayansi darasa la tano. Mchana siliamini hilo neno. Saa tisa usiku naliamini lote.

Nesi_Mstaafu

Asante kwa kulisema. Sasa tuzungumze.

Titi la mama mkubwa lilikuwa limekwisha pasuka. Saratani ikifika kutoboa ngozi, mara nyingi imekwisha tembea zamani, iko kwenye tezi, pengine mapafu, ini au mifupa. Kile kisu kilifika mwishoni mwa safari. Ila ndugu wao waliona vitu viwili tu, kisu kisha kaburi, wakaunga. Nimewaona ndugu wakiunga hivyo mara nyingi mno, na siwalaumu, maana hakuna aliyekaa nao akawaeleza. Hewa haiwashi saratani. Ingekuwa hivyo hata ile sindano nene ya kinyama ingekuwa imekwisha kukumaliza.

Wewe uko tofauti na yeye kwa jambo kubwa: umepigwa kemo kwanza. Dawa imekwisha zunguka mwili mzima kabla kisu hakijakaribia. Na hizi siku unazoziona za bure si za bure. Baada ya dripu ya mwisho madaktari huuacha mwili wiki tatu mpaka sita hivi, chembe za damu zipande, ili usipate maambukizi na kidonda kifunge vizuri. Kwa hiyo hata sasa mwili wako una kazi, ila kazi yenyewe huioni.

Wiki moja au mbili za kuchelewa zisikutoe roho. Ila zikianza kuwa miezi, hapo usikae kimya, nenda ukaulize.

Na hayo majani, kama kuna unachokunywa, kiwe mstafeli, kiwe vitunguu saumu vya vidonge, kiwe chochote, mwambie daktari wa usingizi. Vingine vinaongeza kuvuja damu.

Mstaarabu77

Uzi mrefu, fupisheni.

Shangazi_Pangani

Hukulazimishwa kusoma baba. Pita na njia.

Baba_Pacha_Mwanza

Wakuu naomba niseme upande wa wanaume, maana mwalimu ametaja mume anayekoroma.

Mke wangu aliondolewa titi mwaka juzi. Mionzi aliipata hospitali ya Bugando hapahapa Mwanza, sio kama wazee wetu wa Kanda ya Ziwa waliokuwa wanapanda basi mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar. Zile wiki za kusubiri mimi nilikuwa sisemi. Nilitengeneza bomba la jikoni. Nikatengeneza bawaba ya mlango. Nikapaka rangi banda la kuku. Kumbe mwenzangu anahesabu: huyu amekwisha nichoka, anajizoesha kuwa mbali.

Usiku mmoja akaniuliza, "Likishaondoka utakuwa unanitazama?" Unajua nilimjibu nini? Nilimuuliza kama luku imeisha. Wallahi. Nilitoka nikaenda sebuleni, nikakaa gizani, umeme ulikuwepo. Ndipo nikamwandikia meseji, yeye chumbani mimi sebuleni, kwamba ninachokiogopa ni kumpoteza yeye na wala sina habari na titi, na kwamba nikifungua mdomo nitalia mbele ya pacha. Akanijibu "njoo ulie huku".

Mwalimu, huyo wako anaweza kuwa anakoroma kwa sababu amechoka kujifanya. Mpe kazi yenye jina. Usimwambie "nisaidie", hatuelewi. Mwambie: Jumanne twende wote kwa daktari, wewe ushike daftari uandike majibu.

Nesi_Mstaafu

Hilo la daftari walifuate wote. Mgonjwa mwenye hofu anasikia nusu, na hiyo nusu anaisahau akifika getini.

Mwanamvita_40

Pole mno dadangu, nakuandikia kutoka Mombasa. Mie sikungoja upasuaji wa titi, nilingoja wa kizazi, lakini kungoja ni kungoja.

Mshauri nasaha wa pale hospitali alinipa kitu nikakiona cha kitoto. Kaniambia, hofu usiifukuze, ipe miadi. Kila siku saa kumi na moja jioni, dakika kumi na tano, nikae na karatasi niogope kikwelikweli, niandike kila uchafu unaonijia. Zikiisha, karatasi nakunja. Basi ikija usiku namwambia, bibi wee, miadi yetu kesho jioni. Siku tatu za mwanzo haikusikia ng'o. Ya nne ikaanza kusikia.

La pili ni pumzi. Vuta hewa kwa puani ukihesabu nne, itoe kwa mdomo polepole ukihesabu sita, kama unapoza chai ya mtoto. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Dakika tano. Moyo hupunguza mbio wenyewe.

La tatu, simu. Usiku usikae kugugo. Mchana ukigugo kuna mtu wa kumuuliza, usiku ni wewe na kioo cha simu.

Mwalimu_wa_Mbagala (mrejesho, zimebaki siku 11)

Wakuu mrejesho.

Mchele: nimechambua kilo tano kwa usiku mitatu. Duka la Mangi lina mchele mchafu kuliko wote Mbagala, kwa mara ya kwanza nimeshukuru.

Miadi ya hofu: jana nilijaza kurasa mbili. Leo nusu ukurasa, halafu nikajikuta naandika orodha ya vitu vya kununua sokoni.

Mume: nilimwonyesha alichoandika Baba Pacha. Akasoma, akarudisha simu, akaenda kuoga saa nzima. Alipotoka macho mekundu akasema ni sabuni. Jumanne tulikwenda wote na kaunta buku la watoto.

Daktari bingwa ni kijana, nadhani nimemzidi miaka kumi. Nilikuwa na maswali 14, la saba ndilo lililokuwa limenikaba: "Ukifungua ukakuta imejaa huko ndani, utafunga tu unirudishe?" Aliweka kalamu chini. Akasema, "Mama, titi liko nje ya mbavu. Siingii kifuani mwako. Nafanya kazi juu ya msuli, hapa," akajishika kifuani kwake. Na CT skani ya kifua na tumbo imekwisha soma huko ndani, ndiyo maana tarehe ikatolewa.

Jamani. Mwaka mzima nilikuwa napiga picha ya kupasuliwa kifua kama kuku. Kumbe hakuna anayeingia ndani. Nikamuuliza tena mara ya pili anihakikishie, mume akaandika mara ya pili.

Mengine aliyosema: kama saa mbili hivi mezani, nitaamka na mrija ubavuni wenye chupa ya kukusanya majimaji, mkono wa kushoto nianze kuusogeza taratibu kuanzia kesho yake usikakamae. Mimi naandikia wa kulia kwa hiyo ubao unaningoja.

Lililonivunja ni jingine. Mtoto wangu wa miaka saba alinisikia naongea na simu. Akaja jikoni akauliza, "Mama, titi wakishalitoa wanaliweka wapi?" Nilikuwa nakuna nazi. Nikamwambia linakwenda maabara, kuna mtaalamu analiangalia kwa hadubini ajue dawa imefanya kazi kiasi gani. Akafikiri. Akasema, "Basi mwambie aliangalie vizuri, mimi nilinyonya hilo." Nilicheka na kulia, machicha yakamwagika.

Kijana_Tandika

Mimi nipo kwenye daladala nalia mbele za watu kwa ajili ya machicha.

Nesi_Mstaafu

Mtoto ana akili kuliko muuza majani. Na ulichomjibu ndivyo kilivyo.

Sasa mambo ya siku yenyewe, hofu nyingi zinatoka kwenye kutojua:

Siku ya kuamkia, ukiambiwa usile kuanzia saa sita usiku, ni usile kweli. Hata uji. Tumbo likiwa na chakula kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu ukiwa kwenye nusu kaputi, ndiyo sababu, si ukali wetu. Maji, na vidonge vya presha kama unavyo, muulize daktari wa usingizi mwisho wake saa ngapi, usiamue mwenyewe.

Yeye huyo atakuja kukuona kabla. Mwambie kila kitu: pumu, jino linalocheza, mzio, mtu wa kwenu aliyewahi kupata shida na dawa za usingizi. Aibu ya jino bandia iache nyumbani.

Hina na piko kwenye kucha, hapana. Najua ndugu watataka kukupamba. Kuna kibanio wanakubana kidoleni kinasoma hewa kwenye damu kwa mwanga, rangi nzito inakisumbua. Pete na hereni ziache kwa shemeji.

Watakuchora kifuani kwa kalamu. Usishtuke, ni alama ya upande. Na kila mtu atakuuliza jina lako na titi gani, tena na tena mpaka uchoke. Wanahakikisha, hawajasahau.

Wachangia damu wapange mapema, pale kwenu huwa wanaomba ndugu.

Na presha. Ikisomeka juu sana asubuhi hiyo wanaweza kuahirisha. Fanya ile pumzi ya Mombasa kabla hawajakufunga mashine.

Mwalimu_wa_Mbagala (siku yenyewe, saa 10 jioni)

Wameahirisha.

Nimefunga tangu saa sita usiku. Nimekaa kwenye benchi na gauni lao la kijani, nimechorwa mshale kifuani, mpaka saa nane mchana. Presha yangu ilikuwa sawa. Akaja mtu wa mapokezi akasema zimeingia dharura mbili za ajali, rudini Alhamisi. Hata pole hakusema, alisoma kwenye karatasi kama anaita mahudhurio. Sitaitaja hospitali, ila nimelia kwenye bajaji mpaka dereva amezima redio.

Mume amekasirika nusu apigane na mlinzi. Mimi sina hata hasira. Nimechoka tu. Siku 19 nilikuwa nimezihesabu vizuri.

Shangazi_Pangani

Kula kwanza. Umekula?

Mwalimu_wa_Mbagala

Bado.

Shangazi_Pangani

Kula, ndipo uje tuongee. Mimi waliniahirisha mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimekwisha mezwa na hofu hata nikafurahi, nikala pilau ya watu wawili. Nikajichukia kwa kufurahi. Kama nawe kuna kona moja ya moyo imefurahi, usijione mwenda wazimu.

Mwalimu_wa_Mbagala

Ilikuwepo hiyo kona. Nashukuru umeisema maana mimi nisingeisema.

Nesi_Mstaafu

Kuahirishwa kunauma, na kunyimwa pole kunauma zaidi, hilo siwatetei. Asubuhi piga simu au mtume shemeji akahakikishe jina limeandikwa kwenye orodha ya Alhamisi, tena juu. Muulize nani kaliandika. Usitegemee neno la mdomo. Na ule mshale usiusugue, uache.

Baba_Pacha_Mwanza

Mwambie shemeji asipigane na mlinzi, atahitaji kuingia hapo na chupa ya uji.

Mwanamvita_40

Alhamisi nitakuwa nawe kwenye dua ya alfajiri, dadangu. Na miadi ya leo jioni usiikose, leo una ya kuandika.

Mume_wa_Mwalimu (Alhamisi, saa 8:15 mchana)

Habari zenu. Mimi ndiye nilikuwa nakoroma. Nimefungua akaunti sasa hivi nje ya wodi. Aliingia saa nne na dakika kumi. Aliniachia simu na pete na akasema niwaambie watu wa uzi. Ametoka. Nimemwona akipitishwa, amenitambua. Kitu cha kwanza ameuliza ni kama nimemchukua mtoto shule. Sijui kuandika zaidi, asanteni.

Kijana_Tandika

Alhamdulillah! Mkuu, mtoto umemchukua?

Mume_wa_Mwalimu

Shangazi yake amemchukua.

Mwalimu_wa_Mbagala (Jumamosi asubuhi)

Naandika kwa mkono mmoja, makosa msinisahihishe.

Maumivu yapo lakini ni ya kidonda, yanajulikana yalipo. Kwapani kuna ganzi. Bandeji sijaifungua, kioo bado, hilo nitaliwekea miadi yake. Jibu la maabara wameniambia kama wiki tatu, najua huko kuna kusubiri kwingine. Muuza mchele ajiandae.

Chupa ya mrija: siku ya kwanza mililita 140, jana 95. Nesi wa wodi anasema ikishuka chini ya 30 kwa siku ndipo watautoa.

Shangazi_Pangani

Usiku umelala?

Mwalimu_wa_Mbagala

Saa tisa niliamka kama kawaida. Nikaangalia juu nihesabu mbao, kumbe dari ya huku ni zege tupu. Nesi wa zamu akapita kusoma chupa, nikamuuliza imefika ngapi, akaniambia. Nikaandika kwenye kaunta buku, nikageukia upande wa kulia.